Mianzi ya Barazani na Mchanga wa Mkwe

Watu wa mtaani kwetu Nachingwea walinicheka nilipoanza kupanda mianzi kwenye ndoo. Kwao mwanzi ni kitu cha kujengea, na mwanamke anayeumwagilia kama mchicha lazima ana lake jambo. Sikujali. Ile mianzi ya njano yenye mistari ya kijani, niliyoipanga barazani kwenye ndoo kuukuu za rangi na vyungu vya saruji, ilinipa furaha ambayo mikorosho haijanipa hata siku moja. Nikikuta kuku anaparua shinani, nilimrushia kandambili bila kuuliza ni wa nani.

Binti yangu alikuja nyumbani kujifungua, maana kwetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama. Aliyemleta ni mumewe, anayefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Ruangwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkwe wangu huyu analijua hilo kuliko wakwe wote. Alishusha mchele, sabuni na viroba vya mchanga laini wa kijivu.

"Shikamoo mama," alisema, macho chini. "Nimesikia mianzi yako inataka mchanga unaopitisha maji. Huu hauna hata kijiwe."

"Marahaba mwanangu. Hapo umenijulia."

Tukaipanda upya yote. Nilipunguza mizizi kwa panga, nikachanganya ule mchanga na samadi ya mbuzi, na binti yangu akanishikia mashina yasilale. Kilikuwa kiangazi, kwa hiyo nilimwagilia asubuhi na jioni, naye akipenda kutandika mkeka wake pale pale karibu na vyungu, kwenye ubaridi.

Haukupita muda majani yakaanza kukauka ncha. Machipukizi, ambayo hutoka ardhini yamechongoka kama pembe za mbuzi, yalitoka meusi, na ukiyagusa yananyofoka. Nikaongeza samadi, nikanyunyiza majivu. Sisimizi waliozoea kujenga kwenye ndoo wakahama wote. Nikasema ni jua tu.

Halafu udongo wa chungu cha karibu na mkeka ukawa unapungua. Najaza, unapungua tena, mpaka mizizi inaonekana. Nikawalaani kuku wa jirani, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikaenda kumtukania kuku wake nyumbani kwake. Jirani ni mzee mpole lakini hilo halikumpendeza. Akanifuata hadi barazani kutetea mifugo yake.

"Kuku akiparua anatawanya," alisema akichutama. "Hapa pamechotwa."

Akachukua ule udongo, akausugua kwenye vidole. Ujanani aliwahi kuosha dhahabu.

"Mchanga huu umeutoa wapi?"

"Kaleta mkwe."

"Haya ni marudio, mama. Mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Humu wamepitisha zebaki, ile dawa ya kukamatishia. Sisi tulikatazwa hata kushika chakula kabla ya kunawa. Ni sumu."

"Mbona watu wanaupigia plasta?"

"Ukutani hauna neno," akacheka. "Nani anakula ukuta?"

Wanaume hawajui kitu. Mimi nilipokuwa na mimba ya huyu binti nilimega ukuta wa jiko la mama yangu mpaka fito zikaonekana. Wanawake wa kwetu karibu wote tumekula udongo tukiwa wajawazito, na sokoni unauzwa kama karanga. Nikageuka kumtazama binti yangu pale mkekani. Hakuwa akicheka. Mkono wake ulikuwa umefumbata kitu ndani ya kanga.

"Ulikuwa unanukia, mama," binti yangu aliniambia baada ya jirani kuondoka. "Ukishamwagilia, unanukia mvua."

Sikumgombeza. Nilimkung'uta kanga, nikamshika mkono tukaenda. Hospitali, muuguzi alitusikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini. Alisema kipimo cha kitu hicho hapa hawana, aache leo hii, na yaliyobaki tumuombe Mungu. Tulirudi nyumbani. Nikang'oa mianzi yangu yote na kuufukia ule mchanga mbali na kisima, na hata nilipokuwa nafukia sikujua kama ardhi ile nimeitendea haki.

"Mumeo lazima ajue," nilimwambia.

"Usimwambie, mama. Atakufa kwa mawazo."

Mkwe akawa anapiga simu kila mara, sauti imejaa furaha. "Mama, mchanga umetosha? Nilete mwingine?"

"Umetosha, baba," namjibu, nakata simu.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, mzuri. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkwe alifika amebeba jogoo, akamwadhinia mwanawe sikioni kwa sauti inayokatikakatika, na mimi nilitoka nje kulia. Kila anayekuja kumtazama anasema mtoto mtulivu huyu, hashtuki, redio inapiga kelele naye amelala tu. Wanatupongeza. Neno hilo, mtulivu, nimelichukia kuliko matusi yote ninayoyajua.

Juzi mchana binti yangu alikuwa amekaa sakafuni akimnyonyesha, amenipa mgongo. Nilivumilia nikashindwa. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikausimamisha nyuma yao, nikauachia uanguke kwenye saruji.

Binti yangu aliruka. Jogoo nje akapiga kelele. Mtoto aliendelea kunyonya, macho yake yakimtazama mama yake usoni, bila hata kupepesa.

Nilidhani atanifokea. Alimweka mtoto vizuri kifuani, akasema bila kugeuka, "Angusha tena, mama."