Mlango Mtupu wa Delfina

Pale Torino, Italia, mtaa wa San Salvario, ukitaka kumtia Ermete Bosio hasira huna haja ya kumtukana. Muulize tu baa ya binti yake iko wapi.

Maana Ermete ni mchora vibao. Tangu ana miaka kumi na sita anapanda ngazi na brashi yake, na nusu ya maduka ya mtaa ule, toka kwa muuza nyama mpaka kwa mtengeneza miwani, yamevaa herufi zake. Duka lisilo na kibao, husema, linauza mali ya wizi. Sasa binti yake wa pekee, Delfina, kaenda kufungua baa ya kokteli uani kwa jumba kuukuu: viti kumi na kimoja, mlango mtupu, kibao hakuna. Na si kwamba kibao kilikosekana. Mzee alishamchorea, cha buluu, herufi za dhahabu, akampelekea nyumbani kwake. Delfina akakitazama, akambusu baba yake shavuni.

"Kizuri, baba. Lakini baa yangu imejificha. Watu wanaipenda kwa sababu haionekani."

"Basi na vinywaji navyo vifiche, watakupenda zaidi," akasema Ermete, akabeba ubao wake akaondoka. Miezi mitatu hakuikanyaga hiyo baa.

Aliyemmaliza ni Tullio kinyozi. Kila asubuhi, kichwa cha mteja mkononi, anapaza sauti: "Ermete, nasikia mwanao ana baa! Au ni maneno ya watu tu?"

Halafu siku moja ya kiangazi Delfina akapiga simu. "Baba, leo saa kumi na mbili jioni nimekuwekea kiti. Usipokuja, mimi sibembelezi tena."

Lile "tena" lilimwingia. Mzee akaona hivi hivi atampoteza mtoto kwa ajili ya ubao. Akavaa koti, akachukua na sanduku lake la rangi, maana bila hilo hajui hata mikono aiweke wapi.

Kuipata hiyo baa ilikuwa kazi. Kwanza aliingia kwa daktari wa meno, akakaa pale na wagonjwa dakika tano nzima akidhani ndio mtindo wa baa za siku hizi. Akatolewa. Mama mmoja akamchungulia toka dirishani.

"Unatafuta baa? Mlango wa kijani, nyuma ya mapipa ya taka. Wewe wa nne leo, na wote mna sura hiyo hiyo."

Akagonga. Kwa Delfina, ukigonga unasubiri, hata uliyewekewa kiti, mpaka mwenyewe aje kufungua. Mwingine angevuta sigara. Ermete alisimama mbele ya ule mlango mtupu dakika kumi, na mchora vibao kumwacha na mlango mtupu dakika kumi ni kama kumfungia paka na samaki. Delfina alipofungua, baba yake alikuwa keshaandika DELFI, nyekundu, yenye kivuli, na vijana wawili nyuma yake wakimshauri kuhusu N.

"Baba!"

"Subiri, bado herufi mbili."

Kabla Delfina hajasema zaidi, bibi mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akasoma mlango, akapenya katikati yao, akakaa kwenye kiti alichowekewa Ermete, akaagiza kahawa ya maziwa.

Delfina akamtazama bibi, akamtazama baba. Machozi yalikuwa karibu. "Nilitaka uione baa yangu, baba. Hukutaka kuiona. Umetaka kuirekebisha."

Ermete akashusha brashi. Akatoa tapentaini sandukuni, akafuta rangi. Likabaki doa jekundu mlango mzima, kama pamechinjwa mbuzi. "Hili siliachi hivi," akasema taratibu. "Wataka ijifiche? Nitaificha."

Ilimchukua jioni tatu. Akauchora mlango uwe ukuta: tofali kwa tofali, rangi iliyobanduka, ukungu wa mvua, na bomba la maji lililopinda kidogo. Delfina alikuwa akimletea nje glasi ya vermuti yenye kipande cha chungwa, anatazama matofali kidogo, anarudi ndani. Jioni ya tatu alitoka kuchukua barafu, mlango ukajifunga nyuma yake, na aliporudi akabaki anapapasa matofali ya rangi mpaka akaangua kicheko, barafu inamdondokea miguuni.

"Baba, nifungulie! Umeniibia baa!"

Sasa Ermete ana kiti chake, cha mwisho kabisa, kinachogusa mlango. Juzi alikuwa hapo anatafuna zeituni, akasikia nje mtu anakwangua ukuta na kutukana bomba. Sauti ya Tullio.

"Ermete! Najua umo humo! Mlango uko wapi?"

Delfina akaanza kwenda kufungua. Mzee akamshika mkono.

"Mwache kidogo, mwanangu," akasema. "Mwache aione vizuri kazi yangu."