Jirani Hakugonga Ukuta

Duka langu la uchapaji pale Kanduyi lilipakana na kinu cha posho, na stima yetu ilikuwa moja. Kinu kikiwashwa, kompyuta yangu inazimika. Kwa hivyo tulipatana na mwenye kinu: agonge ukuta kwanza, mimi nihifadhi kazi, kisha asage. Miaka ile ya elfu mbili na kitu tuliishi hivyo bila kununiana.

Wiki hiyo nilikuwa nachapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Bumula. Maishani hakuwahi kupigwa picha ila ile ya kitambulisho. Mjane wake aliniletea kitambulisho, nikaiingiza picha kwenye kompyuta, naye akakipeleka kwa chifu, kwa sababu bila kukisalimisha hangepewa kibali cha kuzika. Basi sura ya mzee ikabaki kwenye mashine yangu peke yake.

Alipokuja kuchukua ratiba, nilikuwa naweka programu mpya za Linux, mfumo ulioendesha kompyuta yangu, kutoka kwenye sidii niliyoletewa na kaka yangu wa Kitale, maana zile za zamani hazikuelewana na printa. Nikamwomba asubiri kidogo. Programu zilikuwa zimeingia nusu, kinu kikanguruma, stima ikakatika.

Iliporudi, kompyuta iliandika mistari michache myeupe, ikagoma. Nilitoka nimefura, tayari kumpasha jirani. Akanijibu polepole, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Si nimeona huyo mama wa matanga ameingia kwako, nikajua mnaongea tu. Sasa ningemgongea mfiwa ukuta aje, bana?"

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Alizima kinu, akawaambia wateja waliopanga madebe yao ya mahindi wangoje.

Nilirudi ndani nikiogopa, nasema kweli. Nilitia sidii nyingine, ile inayowasha kompyuta bila kutegemea kilicho ndani, na kupitia hiyo nikaingia kwenye mfumo ulioharibika. Picha ilikuwapo. Lakini sidii hiyo haikuijua printa, kwa hivyo ilibidi niufufue mfumo wenyewe. Nikauamuru uendelee pale ulipokatiziwa, programu moja baada ya nyingine. Kuna moja ilikuwa kichwa ngumu, nikaing'oa nikaiweka upya. Mjane alikaa kwenye benchi akisubiri.

Hatimaye kompyuta iliwaka yenyewe, na printa ikatoa ratiba: nyimbo, wasifu, majina ya watoto na wajukuu, na picha ndogo pale juu. Nilimkabidhi nikijisifu moyoni. Aliitazama, akanirudishia kwa upole.

"Hayo maandishi ni ya watu wa kanisa," akasema. "Mimi nitolee yeye tu. Mkubwa."

Nikamtolea, karatasi nzima. Nilipotaka kuikunja iingie kwenye bahasha, alinishika mkono. Akaibeba wazi juu ya viganja vyake viwili, akaenda kusimama barabarani kungoja gari la Bumula, uso wa mzee ukimtazama.