Wembe wa Manjano kwa Mzee Rodion

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, na bafu la umma la mtaa wetu hapa Rybinsk, kando ya mto Volga, limeshaanza kufuka mvuke. Katika chumba cha kinyozi, kando ya pale watu wanapoacha makoti, Kapitolina Fyodorovna anafungua karatasi ya wembe mpya. Karatasi ni ya manjano. Kitini ameketi mzee Rodion Savelyevich, nahodha mstaafu wa matishari ya mtoni, ndevu zake za majuma kadhaa zimejaa povu. Mlangoni amesimama binti yake, Rimma. Koti hajavua.

"Tone moja tu la damu, Mama Kapa," anasema Rimma. "Moja. Namchukua baba tunaondoka, na hapa harudi tena."

"Nimekusikia, mwanangu. Vua koti kwanza, utaiva."

Rimma havui. Mama Kapa, kama wote wanavyomwita, anaubana wembe kwenye kishikio chake na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha.

Ana miaka sitini na mitatu, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki. Huku kwetu kinyozi mwanamke hamshangazi mtu. Cha kushangaza ni kinyozi anayenyamaza, na huyo si Mama Kapa. Kunyolewa kwake ni rubli mia nne, na chai ni bure. Vijana wamehamia kwenye saluni za vioo, wanaletewa kahawa. Waliobaki kwake ni wazee, na wazee hawa wana ubishi mmoja usiokwisha: wembe upi ni mzuri.

Nyembe zetu za makali kuwili zinaitwa kwa rangi ya karatasi. Majina ya kiwandani waachie wenye maduka.

"Mwekundu ni mpole, unakupapasa," anaeleza Mama Kapa. "Wa kijani ni kama mkate mweusi, hausifiwi wala hautupwi. Wa buluu una maringo. Siku ya kwanza unakukwaruza, ya pili mmekuwa marafiki. Wa manjano hauna mzaha. Ukikosea, umekosea."

Ubishi huo ndio ulioanzisha Alhamisi ya nusu kwa nusu. Shavu la kushoto analipitishia wembe mmoja, la kulia mwingine, na mteja haambiwi upi ni upi. Kisha mteja anaingia kwenye chumba cha mvuke. Shavu lililochubuka haliwezi kudanganya kule ndani, mvuke unalichoma. Mtu anatoka amelishika, na wenzake wanamcheka.

"Nimenyolewa nusu nusu mpaka mke wangu anauliza leo abusu upande gani," anasema Yefim, mchochea tanuri wa bafu. Tangu aanze kazi hapa ni mtu wa wembe wa kijani, na wa kijani atazikwa nao.

Rodion ndiye aliyekuwa mwamuzi wao mkuu. Hakukosa Alhamisi hata moja. Mwaka jana moyo wake ulianza kumsumbua, na daktari akampa dawa za kuzuia damu isigande. Mtu wa dawa hizo akijikata kidogo tu, damu haikatiki upesi. Siku moja ya Januari Mama Kapa akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: mgonjwa, mpe wembe mpole. Akachukua mwekundu.

"Ndevu za Rodion ni brashi ya viatu," anasema. "Mwekundu ulizipita kama haujaziona. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tatu, hapa chini ya kidevu, ngozi ikasema basi."

Jiwe la shabu, la kukatishia damu, halikufua dafu. Taulo likalowa, likaja la pili. Rimma, ambaye ni dereva wa trolebasi, basi la umeme linalofuata nyaya, aliitwa kazini akaja na sare yake.

"Niliona taulo jekundu," anasema. "Mama nimeshamzika. Sikuwa tayari kumzika baba kwa ajili ya kidevu."

Damu ilikatika baadaye hospitalini, salama salimini. Lakini Rimma alipiga marufuku bafu, wembe na kinyozi. Ilipofika tarehe ishirini na tatu Februari, siku ambayo kila mwanamume wa nchi hii hupewa soksi na povu la kunyolea atake asitake, yeye akamnunulia baba yake mashine ya kunyolea ya umeme. Mzee akashukuru, akaiweka juu ya friji.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Ndevu zikaota. Mzee akawa na maneno mawili tu kwa siku nzima, "chai" na "basi."

Pale bafuni Yefim alikuwa na jibu lake. Kwetu kitu chenye makali hakitolewi bure. Anayepewa kisu lazima alipe, hata kopeki moja, ama sivyo ugomvi unaingia kati ya mtoaji na mpokeaji. Basi Yefim akapanda trolebasi ya Rimma, akamvizia kituoni.

"Nikamuuliza, ile mashine baba alikulipa? Akaniambia mashine si kisu. Nikamwambia, fungua kichwa cha mashine utazame kilichomo."

Abiria wakaingilia, kama kawaida yetu. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akaapa kwamba hata mkasi wa kucha hulipiwa. Mwingine akataja dada yake na seti ya visu vya jikoni, habari ndefu, mpaka Rimma akafunga milango na kuondoa gari.

"Mimi mambo hayo siyaamini," anasema Rimma, na uso wake unaonyesha kwamba anayaamini kidogo. Jioni ile alikaa mbele ya baba yake akanyoosha mkono.

"Baba, naomba rubli moja."

"Ya nini?"

"Ya mashine."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alipekua koti lake lote, akaipata sarafu, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake, na mkono ule hakuuachia.

"Akaniambia, Rimma, sitaki mashine. Inanikuna tu. Tangu mama yako afariki hakuna anayenigusa uso isipokuwa Kapa," anasema Rimma. Hapo anatazama kwingine. "Mimi nilidhani anagombania ndevu."

Kesho yake akamwendea Mama Kapa. Kinyozi naye hakuwa amelala. Muda wote ule alikuwa akizipima nyembe zake upya kwa wazee wenye ndevu ngumu, safari hii akitafuta ule unaomaliza kazi kwa kupita mara chache. Akamwonyesha Rimma karatasi ya manjano.

"Huo si ndio mkali kuliko zote?" Rimma akauliza. "Kwa baba?"

"Mpole ndio uliomkata, mwanangu. Ngozi haichoshwi na makali, inachoshwa na kurudiwa. Huu unapita mara moja unakwenda zake. Mkono tu ndio uwe mwepesi."

"Na ukiteleza?"

"Ukiteleza, mimi mwenyewe nitavua aproni, nisinyoe tena."

Ndiyo maana asubuhi hii hakuna anayetania. Mama Kapa haukandamizi wembe, anauachia uzito wake mwenyewe. Shavu la kushoto, mara moja. La kulia, mara moja. Wazee wawili waliojifunga mashuka wamesimama nyuma ya Rimma, maji yanawachuruzika. Yefim ameliacha tanuri lake, jambo ambalo haliruhusiwi, na mdomo ameufunga, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Chini ya kidevu Mama Kapa anasita. Anaivuta ngozi kwa vidole viwili, anapumua, anapitisha.

Kisha anamfuta kwa taulo jeupe na kumpa Rimma alikague. Rimma analigeuza upande huu na upande ule. Ni jeupe. Anavua koti.

"Mbona mmenyamaza kama msibani?" anauliza mzee Rodion, akijipapasa mashavu. "Mvuke upo au haupo?"

Lakini kila kiangazi maji moto ya mji hukatwa ili mabomba yatengenezwe, na mwaka huu bafu lenyewe litafungwa mpaka Septemba, tanuri libadilishwe. Mama Kapa atakuwa ng'ambo ya Volga kwenye shamba lake la viazi, na mzee Rodion hawezi tena kumfuata huko. Siku ile ile akamwambia Rimma nani atamnyoa baba yake.

"Mimi? Ng'o. Mikono itanitetemeka."

"Mikono inayopitisha trolebasi kwenye barafu isishindwe na kidevu. Kanunue maputo."

Ndivyo vinyozi wanavyojifunza: puto linapakwa povu, kisha linanyolewa kwa wembe. Majirani wa Rimma wamezoea mlio. Kila puto likipasuka, baba yake anauliza kutoka chumbani kama majeruhi ana ndugu wa kuarifiwa.

"Ninachotaka," anasema Mama Kapa, "ni hiki. Septemba Rodion aje akae kitini kwangu aniambie binti yake amenizidi. Nitanuna, lakini moyoni nitafurahi."

Jioni moja ya Mei mwandishi wa habari hizi anawakuta wote watatu jikoni kwa Rimma. Mama Kapa amekaa kwenye kigoda, mikono ameikalia ili asisaidie. Rimma anamaliza kuondoa povu la mwisho juu ya puto la kijani. Halijapasuka. Analizungusha, analitazama kama halimwamini, analiweka mezani taratibu karibu na birika.

Anapogeuka, baba yake ameshavua miwani, ameshajifunga taulo shingoni.

Rimma anaweka wembe mpya kwenye kishikio. Anaushika kwa mkono wa kulia, lakini hauinui bado. Kwanza anaweka kiganja cha kushoto kwenye shavu la baba yake, anakiacha hapo.

"Mkono wako wa baridi," anasema mzee.

"Vumilia, baba."

"Sijasema uutoe."