Kabla Maji ya Chai Hayajachemka

"Kompyuta yangu inawaka kabla maji ya chai hayajachemka!"

Generosa aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya kanisa letu zima la Brooklyn Center, huku ughaibuni, Jumapili mchungaji alipotangaza kwamba kuna laptop za msaada kwa akina mama wanaotaka kusoma. Hakuna aliyemtaja. Alinyanyuka mwenyewe, akaomba maiki, akakataa kitu ambacho hajapewa. Ndivyo alivyo. Mwonee huruma uone, atakudai fidia.

Na siku ile hakudanganya. Kompyuta ilikuwa mpya, ile ya mezani, ameinunua kwa zamu za ziada katika nyumba ya wazee kule Richfield. Aliiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, kama tunavyofunika redio kwetu Kagera ili isione aibu mbele ya wageni. Ukibonyeza, inawaka. Maji yako bado ya baridi.

Miaka ikapita. Sasa maji yakawa yanachemka, chai inaungwa, inanywewa, vikombe vinaoshwa, na kwenye kioo bado kile kiduara kinazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Binti yake Tulia, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, akaanza kupima kwa vyakula. Leo imewaka kwa wali. Leo imewaka kwa ndizi na nyama. Siku moja ilifika maharage, na maharage yenyewe hayakuwa yamelowekwa.

Tungecheka tukaishia hapo, lakini Generosa alikuwa ameanza kusomea uuguzi. Amegeuza wazee vitandani miaka mingi, akiitwa msaidizi na watu aliowafundisha yeye kutandika shuka. Akasema imetosha. Masomo yenyewe ni ya mtandaoni, na mitihani unaifanyia nyumbani, kwenye kompyuta iliyosajiliwa na chuo, kamera ikikutazama usije ukamficha shemeji chini ya meza. Saa ya mtihani ikifika mlango unafunguliwa, na baada ya robo saa unafungwa. Mwezi wa tatu Generosa aliukuta umefungwa. Kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Chuo kikampa nafasi moja nyingine, Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Akiikosa, anatolewa darasani.

Jumapili kabla ya mtihani, baada ya ibada, tulikuwa tunakula sambusa na Nkirote. Huyo ni Mmeru wa Kenya, muuguzi kamili, ana nyumba Champlin na moyo mzuri, tatizo ni mdomo.

"Gene, si ukubali tu? Hiyo mashine imechoka. Nunua ingine, hata mimi nitakuongezea."

"Nimekuomba?"

"Haya, basi iwashe mapema."

"Ile siku niliiwasha alfajiri."

"Basi iwashe jana, mama!"

Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, naomba isifichwe. Generosa akanyoosha mkono, akachukua sambusa kwenye sahani ya Nkirote, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

"Mtihani nitafanya kwenye kompyuta yangu," akasema. "Na nitaingia. Halafu mtakuja kuniuliza nimefanyaje."

Mimi naosha vyombo katika nyumba ile ile ya wazee, na gari langu ndilo linalotupeleka. Alhamisi mchana nilimfuata, nikasimama mlangoni kumsubiri. Shikamoo yangu ilijibiwa kwa mgongo, maana Generosa alikuwa kwenye msafara wake wa kila siku wa kuchomoa. Hatoki nyumbani, wala halali, kabla hajachomoa kila kitu ukutani isipokuwa friji. Televisheni, chomoa. Birika, chomoa. Maikrowevu, chomoa. Nilikuwa nimeona msafara huo mara nyingi nikauzoea, kama unavyozoea mtu anayesali kabla ya kula.

Siku hiyo nikatazama kioo cha kompyuta. Alikuwa ameshabonyeza pa kuizimia, na pameandikwa kwamba inapokea masasisho, yaani marekebisho ya programu zake, isizimwe. Mkono wake tayari uko kwenye plagi.

"Mama Tulia, subiri! Imekwambia usizime."

"Inaniamuru kwenye nyumba ninayolipia kodi?" Akachomoa.

Ndipo nikaelewa. Kila siku mashine ile inaanza kujitengeneza, kila siku inakatwa roho katikati. Asubuhi ikiamka inaanza kufukua ilipoishia, inarudisha, inajizima, inajiwasha, inaanza upya. Haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayeamshwa kila akipitiwa na usingizi, halafu unamuuliza mbona mzito.

Nikamweleza. Akanitazama juu mpaka chini.

"Hiyo diploma yako ya kompyuta uliishia wapi?"

"Katikati."

"Basi na ushauri wako nitaufuata mpaka katikati."

Lakini ndani ya gari neno hilo alilirudia mwenyewe. Tulikuwa tumeshaipita barabara ya uwanja wa ndege ndipo akaniambia. Kwao Muleba, akiwa msichana, radi ilipita kwenye waya ikaingia kwenye redio ya baba yake. Redio ikapasuka, pazia likashika moto, na mama yake akaliparamia kwa mikono mitupu. Makovu ya moto kwenye vidole vyake hayakuondoka. Tangu siku hiyo katika nyumba ile hakuna kitu kilicholala kimechomekwa, na yeye amevuka bahari na amri hiyo mkononi.

"Ukiniambia niache plagi ukutani," akasema, "usifikiri unaniambia kitu kidogo."

Ulikuwa msimu wa radi hapa pia, na utabiri wa Ijumaa ulikuwa mbaya.

Ijumaa nilipomfuata, tukiwa njiani kwenda kazini, akanisimamisha dukani. Akamwambia msichana wa mauzo anataka fridge guard, kile kisoketi cha kukinga umeme ambacho kwetu kila mwenye friji anacho. Msichana akatupeleka kwenye mafriji. Generosa akafanya ishara za mikono, umeme unakuja, paa, unagonga ukuta, unarudi. Tukapelekwa panapostahili. Turudi nyumbani tena, tuchelewe kazini, hakujali. Alikichomeka ukutani, akachomeka kompyuta ndani yake, akaiamuru ijisasishe. Akatoa na kitambaa cha maua ili mashine ipumue, akakikunja. Mlangoni akageuka mara moja kuitazama ile plagi, halafu akanipa simu yake.

"Tulia yuko nyumbani jioni. Nitataka kumpigia achomoe. Nikikuomba simu, usinipe."

Mvua ilianza wakati wa chakula cha wazee. Anga la Richfield likawa jeusi, taa zikapepesa, na radi ikapiga mpaka vijiko vikalia kwenye beseni langu. Generosa akatokea jikoni, macho makubwa.

"Lete simu."

"Umesema nisikupe."

"Mimi ni mkubwa kwako."

"Shikamoo. Sikupi."

Akasonya sonyo refu, akaondoka. Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Akarudi. Nikaishika simu mfukoni kwa mkono wenye povu. Hakuutazama hata mfuko.

"Nipe barafu," akasema. "Bwana wa chumba cha mwisho anataka maji baridi."

Akaichukua barafu akaenda zake, mgongo umenyooka.

Jumamosi Tulia alinifungulia mlango, kwa sababu nilikuwa nimealikwa niwe shahidi. Nyumba haikuungua. Generosa aliteleka sufuria, akawasha jiko, akavuka sebule, akabonyeza. Kiduara kikazunguka kidogo kama kwa mazoea, kisha picha ya Tulia akiwa mchanga ikajaa kioo kizima. Tulia akakimbilia jikoni, akachungulia sufuriani.

Akasema kwa Kiingereza kwamba hakuna hata kapovu.

Mlango wa mtihani ulipofunguliwa Generosa alikuwa amekaa mbele yake, miwani puani, akiusubiri. Aliingia wa kwanza. Sisi tukafukuzwa.

Amefaulu. Jumapili iliyofuata aliomba maiki, na Nkirote akajishika kichwa, akajua tumekwisha. Ila Generosa hakujisifu. Alisema amebaki darasani, anamshukuru Mungu, na wanaochomoa kompyuta kila wakitoka nyumbani waache, wanunue kisoketi cha kukinga umeme. Nkirote akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma, ni pesa ngapi?

Dola kumi na nne na senti tisini na tisa.