Rudi Jumatatu

Mimi ni mpishi wa kituo, na mpishi hafichwi kitu: sahani zikiongezeka, mimi ndiye wa kwanza kujua. Kwa hiyo alipokuja yule bwana takwimu kutoka makao makuu, akatutangazia kwamba walevi na watumiaji wa dawa za kulevya wanaolazwa hapa wameongezeka maradufu, nilicheka. Mwaka wa ngapi huu naongeza maji kwenye mchuzi?

Lakini habari hii si yangu. Ni ya karani wetu wa mapokezi, tunayemwita Mama Kadi. Miaka ishirini na miwili amekaa nyuma ya dirisha lile lenye nondo, na kila anayelazwa anamwandikia kadi: umri, kilichomleta, amekuja mara ya ngapi. Kila mwaka una sanduku lake la mbao. Ukitaka kujua dunia ilivyokwenda, waache wasomi wapumzike, mwombe Mama Kadi akufungulie masanduku. La kwanza ni pombe mwanzo mwisho, wazee wenye wajukuu. Katikati vinaingia vidonge. Kisha unga. Siku hizi mtu mmoja ana vyote vitatu, na umri wake ni wa kitinda mimba wangu. Wanawake walikuwa wawili kwa mwaka mzima, sasa wana wodi yao.

Bwana takwimu alibandika mchoro wake kwenye ukuta wa chumba cha chakula. Mstari ulitambaa chini miaka mingi, halafu, miaka saba iliyopita, ukapanda ghafla.

"Hapa kulitokea nini?" akauliza. "Kuna dawa mpya iliingia mjini?"

Mganga mkuu akasema huenda. Muuguzi akasema ni ukosefu wa kazi. Kila mtu akageuka mtaalamu, hata mimi nikasema vijana hawali vizuri. Mama Kadi alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Vyovyote vile, vitanda havitoshi," bwana akaendelea. "Napendekeza turudi kwenye utaratibu ulivyoandikwa. Kulaza kuwe Jumatatu tu."

Mama Kadi akainuka, akatoka bila kuaga. Wengine wakatazamana. Mimi nilitazama sahani yangu, maana nilijua.

Miaka saba iliyopita mwanawe wa pekee alikuja dirishani. Alikuwa ameshalazwa mara tatu, na mara zote tatu watu walinong'ona kwamba karani anambeba mwanawe. Sitajitakasa, mdomo wangu nao ulikuwemo. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa napita na sufuria.

"Mama, nimechoka," kijana akasema. "Nilaze leo."

Vitanda viwili vilikuwa vitupu. Mama Kadi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona mimi.

"Utaratibu ni mmoja kwa wote, baba," akamwambia. "Rudi Jumatatu."

"Sawa, mama."

Hakubishana, na hilo ndilo linalomla mama yake mpaka leo. Jumatatu hakuja. Wala iliyofuata. Hakuna aliyemwona tena, hai wala maiti.

Basi Mama Kadi akarudi na sanduku la mwaka ule, akalitua mezani mbele ya bwana takwimu.

"Hakuna dawa mpya," akasema. "Soma siku walizolazwa."

Bwana akachambua kadi. Jumanne. Ijumaa. Jumapili. Jumatano.

"Mwaka ule niliacha kusema rudi Jumatatu. Niliacha kimyakimya, sikumwomba mtu ruhusa. Wagonjwa hawakuongezeka, mwanangu, walikuwepo siku zote. Tulikuwa tunawarudisha, hawarudi, na sisi tunaandika kwamba hali ni nzuri."

Kadi ya mwisho ilikuwa na jina na umri. Mahali pa tarehe palikuwa wazi.

"Na huyu?" bwana akauliza, kwa sauti ya chini.

"Huyu namngoja. Nina hamu naye, hata aje amelewa chakari."

Bwana takwimu akabandua mchoro wake, akaukunja. Kwa kumtendea haki niseme, habari ya Jumatatu hakuitaja tena, na ripoti yake iliomba vitanda.

Mwezi ujao Mama Kadi anastaafu. Jana alikuja jikoni kwangu, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka saba, wala sikuwahi kumwuliza kwa nini. Akanitilia ile kadi kwenye mfuko wa aproni.

"Karani mpya hamjui. Wewe sura yake unaijua," akasema. "Akija, usimwulize leo ni siku gani."

Nilitaka kumwomba radhi, hakuningoja nianze. Akanipigapiga begani, akarudi dirishani kwake.

Leo nimeshachungulia huko mara sita, na mchuzi umeungua.