Wilbaro Niliyomficha Mama Ciru

Nianze na upumbavu wangu kabla hamjaanza kunihurumia: nilisema uongo ili nipigiwe makofi. Na makofi nilipigiwa, jamani!

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinitafuta, anzia kwenye kochi. Hata nilipoambiwa nina saratani ya titi, nilijiuliza ilinipatia wapi na mimi sitokangi.

Safari yangu ya maana ilikuwa moja kwa mwezi, kikundi chetu cha wagonjwa hapa Nakuru. Kila mtu anasimama, anaeleza vile amekuwa, tunampigia makofi. Halafu mgeni anapewa mtu ambaye ameshapitia kemo, ile dawa kali ya saratani, amshike mkono.

Zamu yangu ikifika, ni vicheko tu. "Kemo? Mimi naichukua kama chai ya saa kumi!" Watu wanacheka hadi wanapangusa machozi. Wakanibandika jina, Chuma.

Chuma gani! Baada ya dozi ya tatu nilishikwa na joto la homa, nikatetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Barabara yetu ilikuwa matope matupu, gari haliingii. Jirani yangu, Baba Kiprono, alinipakia kwenye wilbaro yake ya mbolea akanisukuma mpaka kwa lami, miguu yangu ikining'inia huku na huku. Nililazwa siku sita. Daktari aliniambia ningechelewa kidogo, singerudi nyumbani.

Sasa Chuma atasimama aseme alibebwa na wilbaro ya mavi ya ng'ombe? Nilinyamaza.

Ndipo nikapewa Mama Ciru, mkulima wa viazi kutoka Dundori. Mama mpole, asiyependa kusumbua mtu. Aliniamini kuliko karatasi za hospitali.

"Chuma, hata wewe ulitapika hivi?"

"Mimi? Wapi! Hilo tumbo lako limezoea viazi, linashangaa vitu vya bei."

Anacheka, halafu anabadilisha mazungumzo. Nilidhani namtia moyo. Kumbe namfundisha kujionea aibu!

Alhamisi moja jioni nikiwa kwenye kochi, kipindi changu kimepamba moto kwa TV, Mama Ciru akapiga simu.

"Chuma, mwili ni moto na nasikia baridi. Ni joto kidogo tu. Wewe lilikupata?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu: lilinipata, nikalazwa. Yalikuwa mdomoni, wallahi! Nikayameza.

"Wapi! Jifunike blanketi, kunywa uji. Kesho uko shambani ukinichimbia gunia langu la viazi."

"Haya. Basi wacha nisisumbue watu na mambo ya gari."

Nikarudi kwa kipindi changu.

Asubuhi mumewe alimpeleka hospitali akiwa hajitambui. Jumamosi Mama Ciru hakuwa nasi tena.

Kwa mazishi, binti yake Ciru alinikumbatia mbele ya watu. "Asante, Aunty Chuma. Mum alikuwa anasema, kama wewe uliweza bila shida, na yeye ataweza." Ningetamani anizabe kofi! Nilikula chakula chao, nikarudi nyumbani.

Kikundi sijarudi. Ugonjwa ndio umerudi, safari hii umeingia kwenye mifupa. Wenzangu wananipigia simu, naiangalia tu ikilia. Nani atanishika mkono, na nitamwambia nini? Kochi nililolipenda sasa ndilo limenishika, siwezi kuinuka bila kushikiliwa.

Wewe unayemsindikiza mwenzako kwa ugonjwa huu, mwambie na mabaya. Mwambie ulitapika wapi, ulilia lini, nani alikubeba. Na joto baada ya kemo si la blanketi, ni la hospitali, saa hiyo hiyo! Usingoje gari zuri. Mimi nimechelewa kusema, na kusema kwangu hakumrudishi mtu Dundori.

Juzi Baba Kiprono aliniletea maziwa. Nikamweleza yote, nikingoja aniambie ni mapenzi ya Mungu, nipate usingizi. Aliweka chupa mezani, akaniangalia, akasema: "Mama, mtaa mzima ulikuona ndani ya ile wilbaro, na kujua kwao hakukumsaidia mtu. Ni huyo mama mmoja alihitaji kujua, na ni huyo ulimficha."