Kobe Asiyekubali Kunyamazishwa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu ile filamu ya kwanza itoke, watoto walimwita Bibi Kobe, wazazi wao wakafuata, hata muuza mkaa ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema. Filamu yenyewe ilitoka ng'ambo, na ilitokana na kitabu cha watoto: ndugu wawili wanapanda mgongoni mwa kobe mkubwa kuliko nyumba, wanavuka bahari ya mchanga kwenda kumnyang'anya mfalme mchoyo mto alioufungia ndani ya chupa. Kobe yule aliongea Kiswahili, na Kiswahili chake kilitoka kooni mwa mama huyu.

Kabla ya hapo alikuwa ametumia sauti yake kwa vitu vidogo vidogo. Alitangaza sabuni. Kwenye michezo ya redio aliigiza mama wakwe wakorofi, mpaka mkwe wake wa kweli akawa anamwogopa bure. Kobe ndiye aliyemtoa akajulikana. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, ya kumlaza mtoto mtundu bila kumwimbia.

Kisha shingo ikavimba. Madaktari wakautoa uvimbe, wakamwokoa, lakini wakamwachia sauti nyingine kabisa, ya kukwaruza, inayokatika katikati ya neno kama redio yenye betri chovu. Miezi ya mwanzo alizungumza kwa mikono. Si kwamba hakuweza kusema; aliona haya. Akitaka chumvi, anaonyesha. Akichukia, anabamiza mlango.

Binti yake, muuguzi asiyejua kupaka maneno asali, akamtolea uvivu. "Mama, wewe hukukatwa ulimi. Ukininyamazia humu ndani, mimi niongee na nani? Na sufuria?"

Mama akacheka bila kutaka. Kicheko chenyewe kilitoka kama bata aliyekanyagwa, wakakiangua tena wote wawili mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo akala yamini hatanyamaza tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Ndipo ikaja filamu ya pili. Studio wakamwita. Mwongozaji alikuwa mwanamume mpole, tabasamu halimtoki usoni hata anapokukatalia. Akamkaribisha chai, akamsogezea kiti.

"Pole sana kwa yaliyokupata, mama. Lakini usijali. Safari hii hutahitaji kusema hata neno moja."

Akamweleza. Wangechukua rekodi zake za filamu ya kwanza, kompyuta ingejifunza sauti ile, kisha ingemsemea kobe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ingekuwa kutia sahihi tu. Akabonyeza kitufe, amsikilizishe mfano.

Chumba kikajaa sauti nzito na laini. Ilikuwa yake, tena yake hasa, lakini ilisema maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Ilikuwa kama kuitwa na maiti yake mwenyewe.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi niko hapa, nakunywa chai yako. Nipe kipaza sauti nikusomee huyo kobe."

Mwongozaji akakuna kidevu. "Mama, tusidanganyane. Watoto wataogopa."

"Kobe ana miaka mia tatu. Amekula mchanga, amepigana na mfalme. Ulitaka awe na sauti ya kinanda?"

Mwongozaji akacheka, lakini hakulegea. Akasogeza karatasi. Mama akairudisha kule ilikotoka.

"Siitii sahihi."

"Basi itabidi tutafute mtu mwingine."

"Mtafute. Ila huyo wa kwenye mashine hamumtumii. Huyo ni wangu, na nimeshamzika."

Akatoka kichwa juu. Huko koridoni akaegemea ukuta. Akamkuta hapo Kisauti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtoto wa miaka kumi, aliyeigiza yule ndugu mdogo katika filamu. Kisauti akamshika mkono, akataka kujua kulikoni. Mama akamsimulia yote. Kisauti akaitikia kwa kichwa tu, akaingia studio.

Studio wakajaribu sauti moja baada ya nyingine. Mama naye nyumbani hakukaa kulia. Kila asubuhi alijifungia bafuni akanguruma kikobe, mpaka jirani akaja kugonga kuuliza kama kuna mtu anapigwa. "Hapigwi mtu," binti akamjibu. "Ni mama yuko kazini."

Siku Kisauti alipofikia sehemu ya pango, pale ndugu mdogo anapomlilia kobe, wakamwekea masikioni kobe wa majaribio, dada mmoja mwenye sauti tamu kama tangazo la benki. Kisauti akavua hedifoni, akaziweka juu ya meza.

"Mimi simlilii kobe huyu," akasema. "Nileteeni kobe wangu, au mtafute na mtoto mwingine."

Nusu ya maneno ya mtoto yalikuwa yamesharekodiwa. Mwongozaji kwa mara ya kwanza akakosa tabasamu. Akampigia mama simu: aje, ajaribu kipande kimoja, basi.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimevishwa sponji, joto kama ndani ya jiko. Fundi sauti akamshushia kipaza sauti, akarudi kwa mwongozaji nyuma ya kioo. Kwenye skrini kobe alikuwa amefukiwa na mawe pangoni, watoto wanamvuta na hawataki kumwacha. Mwongozaji akamwomba aseme kwa upole, kama anayeaga.

Mama akamtazama kobe yule. Hakuona upole wowote pale.

"Ondokeni!" akafoka, na sauti ikakatika katikati, hewa tupu ikatoka. Hakusita. "Ondokeni nimesema! Sijawahi kufa, sitaanzia leo!"

"Vizuri," mwongozaji akasema kutoka nyuma ya kioo. "Tena, bila kukatika."

"Baba, sauti yangu inakatika. Ndivyo ilivyo sasa. Nikirudia mpaka kesho, itakatika mpaka kesho."

Kisauti, aliyekuja kusikiliza, alikuwa anajifuta macho kwa kiganja. Mwongozaji akamgeukia fundi sauti.

"Mimi nimesharekodi," fundi akasema. "Nasubiri uniambie kama niifute."

Mwongozaji hakumwambia aifute. Akavuta kiti, akakaa, akafungua ukurasa uliofuata.

Filamu ilipotoka, haikuwa vigelegele vitupu. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba kobe anahitaji dawa ya mafua. Ukumbini, mama mmoja alimbeba mwanawe aliyekuwa analia, akatoka naye akinung'unika. Bibi Kobe, aliyekaa safu ya nyuma na binti yake, aliyaona yote. Yalimchoma, asingekudanganya. Lakini hakuinamisha kichwa.

Mlangoni msichana mdogo akamsikia akiongea, akasimama ghafla mbele yake.

"Bibi, koo linakuuma?"

"Linauma."

"Sasa mbona unaongea?"

"Wewe goti likikuuma huchezi?"

Msichana akafikiri. "Nacheza."

"Haya basi."

"Kobe atatoka pangoni?"

"Hilo kamuulize mwenye kitabu. Mimi wakiniita, nakwenda. Na wasiponiita," akasema, sauti ikimkatika na yeye akiikokota mpaka mwisho wa neno, "nitakwenda vilevile."